Nyimbo za Mabaharia wa Nchi Kavu

Mhadhara wa umma



Ushetu haina bahari. Ukitaka kuona maji mengi kutoka hapa, huna budi kupita Kahama na kuendelea hadi Ziwa Viktoria. Hata hivyo nimechagua kuzungumzia nyimbo za mabaharia, tena makusudi, kwa sababu huku Bara wenye nyimbo za namna hiyo walikuwa babu zenu.

Mwishoni mwa 2020 tarishi mmoja wa Scotland, Nathan Evans, aliuimba “Wellerman”, wimbo wa wavua nyangumi wa New Zealand, akaurusha TikTok. Kufika Machi 2021 ulikuwa umeshika namba moja Uingereza. Albamu za nyimbo za kale za baharini, zinazopigwa kwa magitaa yasiyo ya umeme na sauti tupu, zikapata wasikilizaji wapya. Nimezisikiliza na ninazipenda. Lakini kila nikizisikiliza nakuta kitu kimoja kimekosekana: hakuna anayefanya kazi.

Nyimbo zile zilikuwa zana. Wakati wa kupandisha tanga, kiongozi aliimba mstari wake peke yake, wenzake wakipumzisha mikono. Kiitikio kilipofika wote walivuta kamba kwa pamoja, mara moja au mbili. Kung'oa nanga kulikuwa kazi nyingine. Watu waliuzunguka mtambo wakiusukuma kwa vifua, wakitembea bila kusimama, kwa hiyo wimbo wake ulikwenda mfululizo hadi nanga itoke. Ukibadilisha nyimbo hizo mbili, kazi inaharibika. Kisha zikaja meli za moshi. Mashine ya mvuke haihitaji kuimbiwa. Stan Hugill, Mwingereza aliyekuwa akiongoza nyimbo hizo ndani ya merikebu ya Garthpool hadi ilipoangamia mwaka 1929, alizikusanya kitabuni mwaka 1961, kazi yake ikiwa imekufa zamani. (Wakorofi wa fani yetu, nami nimo, watawaambia kwamba “Wellerman” haukuwa hata wimbo wa kuvutia kamba. Ni wimbo wa kisa tu.)

Sasa turudi nyumbani. Baharia wa huku alikuwa mpagazi. Katika karne ya 19, kila kiangazi maelfu ya Wanyamwezi, Wasumbwa na Wasukuma walishuka pwani na pembe za ndovu, wakarudi na merikani, kaniki, shanga na nyaya za shaba. Mzigo wa kawaida ulikuwa kama frasila mbili, yaani takriban kilo 32, begani au kichwani, kwa zaidi ya kilomita 800 kutoka Unyanyembe, eneo la Tabora, hadi Bagamoyo. Wasumbwa walikwenda pia upande wa machweo, kutafuta shaba ya Katanga. Katika njia hiyo ndipo alipotokea Msiri, aliyejenga dola yake Bunkeya na kuuawa huko Desemba 1891.

Mbele ya msafara alitangulia kirangozi, kichwani kajipamba manyoya, nyuma yake ngoma na baragumu. Msafiri Mwingereza Richard Burton alipita njia ya Bagamoyo mwaka 1857, na alikuwa mtu mgumu wa kusifu Waafrika. Hata hivyo katika kitabu chake cha 1860 aliandika kwamba huku mvuvi huimba na kasia lake, mpagazi huimba na mwendo wake, na mwanamke huimba anaposaga nafaka. Fikirini mpagazi wa katikati ya msafara. Anayetangulia hamwoni, ana mgongo wa mwenzake na kisigino chake tu. Sauti inayotoka mbele ndiyo inayomwambia mwendo umeongezeka, kambi imekaribia, au kuna mto. Akiitikia, wa nyuma yake naye anajua. Msafara wa watu mia tano hauongozwi kwa macho.

Reli ya Kati ilifika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914. Tawi la Mwanza likakamilika mwaka 1928. Upagazi ukaisha kama tanga lilivyoisha. Ila huku wimbo haukufa na kazi yake, na hapo ndipo tunapowazidi mabaharia wa Ulaya. Ulihamia kwenye jembe. Vikundi vya kulima mashamba kwa zamu viliurithi, vikaufuata mdundo wa jembe badala ya hatua za safari, na pamba ilipopanuka katika miaka ya 1950 ukapata shamba kubwa zaidi. Mwanamuziki na mtafiti Frank Gunderson alikusanya nyimbo za kazi za Wasukuma zaidi ya 300 katika kitabu kilichotoka mwaka 2010. Unaposoma humo unakutana na mwindaji, mpagazi na mkulima wakipokezana.

Bugobogobo, ngoma ya jembe, leo inafundishwa na kuchezwa Bagamoyo, kwenye taasisi ya sanaa, mji uleule wapagazi walipotua mizigo. Wachezaji hurusha jembe hewani na kulizungusha kwa ustadi wa kustaajabisha. Nawavulia kofia. Lakini jembe lile haligusi udongo, na wimbo ukiachwa jukwaani peke yake utafuata macho ya watazamaji, si pumzi ya mlimaji.

Huku kwetu machimboni hali ni ngumu zaidi. Karasha, ile mashine ya kusaga mawe, likishawashwa, hata aliye karibu nawe unampigia kelele ndipo akusikie. Nani ataanzisha wimbo? Kwenye bani, banda la kukaushia tumbaku, bado kuna nafasi, maana kuchochea moto usiku kucha ni kazi ya kukesha na kungoja, na kazi ya kungoja inapenda wimbo.

Ndiyo maana, tukija kutengeneza albamu ya nyimbo za kazi za Ushetu, sitaki tuitengeneze katika studio ya Dar es Salaam. Irekodiwe shambani, pumzi zikisikika na majembe yakigonga mawe. Ningi, yaani mtunzi na kiongozi wa wimbo, atajwe kwa jina lake, alipwe, na maneno yaandikwe kwa Kisukuma au Kisumbwa chake kabla ya kutafsiriwa. Lebo ya “wimbo wa asili, mtunzi hajulikani” mara nyingi ina maana kwamba hakuna aliyeuliza. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inazigusa pia sanaa za jadi, kwa hiyo hatuanzi mikono mitupu.

Vijana, simu mnazo. Mvua zikianza na watu wakiingia kwenye palizi, nendeni mkalime nao kwanza, kisha ombeni ruhusa ya kurekodi. Andikeni jina la mwimbaji, kijiji, tarehe na kazi iliyokuwa ikifanyika. Nakala moja mpeni mwenye wimbo, nyingine iwekeni shule ya kata.