Daktari Mwanagenzi ni Mfanya Kazi Mwenzetu

(Hotuba iliyotolewa Lamu mbele ya wanachama wa reli waliokuwa likizoni na jamaa zao. Yapigwa chapa hapa kwa faida ya wale wasiohudhuria.)



Sisi ni watu wa reli. Katika visiwa vyetu hakuna reli hata futi moja, na kila tukirudi likizoni watoto hutuuliza treni i namna gani. Lakini leo hatukuja kueleza treni. Twataka kusema juu ya madaktari wanaojifunza tiba ya nyuklia. Mtu atauliza, jambo hili lawahusu nini mafundi wa njia na makondakta? Lawahusu sana, nasi twaomba mtusikilize mpaka mwisho.

Kwanza tueleze kazi yenyewe. Mgonjwa hupewa dawa kidogo yenye kutoa mionzi, kwa sindano au kwa kumeza. Dawa huenda mpaka kwenye kiungo kinachochunguzwa, na mashine iliyo nje hupokea mionzi ile na kuifanya picha. Eksirei huonyesha umbo la mfupa. Picha hii huonyesha kama kiungo chafanya kazi au kimelala, na saratani imefika wapi. Tena dawa hizi si za kutazamia tu, ziko za kuponya. Mwaka 1941, katika mji wa Boston, Marekani, Daktari Saul Hertz alimpa mgonjwa aidini yenye mionzi kwa ajili ya tezi ya shingo iliyokuwa ikifanya kazi kupita kiasi. Tangu hapo watu wengi duniani wametibiwa tezi kwa kumeza dawa, bila kukatwa kwa kisu.

Sasa, sisi watu wa reli twaifahamu saa, na dawa hizi zina saa yake. Iko moja iitwayo teknetiamu, ambayo hupungua nusu kila saa 6. Ukiwa nayo kipimo kizima saa 12 asubuhi, saa 6 mchana imebaki nusu, na saa 12 jioni imebaki robo. Florini yenye mionzi hupungua nusu kwa dakika 110 tu. Ukiipakia katika treni ya Madaraka Nairobi, ukifika Mombasa baada ya saa tano hivi, haitabaki hata sehemu moja ya tano. Kabla hujafika Mokowe kungoja mashua ya kuvukia Amu, imekwisha. Ndiyo sababu hospitali yenye kuitumia sana hujenga mtambo wake wa kuitengeneza karibu na mgonjwa, kama ulivyo Nairobi katika hospitali ya Aga Khan na ile ya Chuo Kikuu cha Kenyatta. Na ndiyo sababu mtoto wa Kizingitini akitaka kuijua kazi hii hawezi kuisoma hapa. Hana budi kuifuata iliko.

Kuifuata huko ni safari ndefu. Miaka sita ya chuo cha udaktari. Mwaka mmoja wa kufanya kazi hospitalini chini ya wakubwa, ndio wanaouita wa intani. Halafu kazi ya kawaida, na baadaye mafunzo ya ubingwa. Huko Afrika Kusini, katika vyuo kama Pretoria na Stellenbosch, ambako madaktari wa nchi nyingine za Afrika huenda kusoma tiba hii, ubingwa huo huchukua miaka minne. Wengine husaidiwa na Shirika la Kimataifa la Nguvu za Atomiki lililoanzishwa mwaka 1957, ambalo Kenya ni mwanachama wake tangu 1965. Hesabuni wenyewe: inapita miaka kumi na moja tangu kijana aingie chuoni.

Na katika miaka hiyo hakai darasani tu. Huyu ni mwanagenzi. Asubuhi anapima dawa, maana ikizidi ni hatari na ikipungua picha haifai. Mchana anasoma picha, na mkubwa wake anazisoma tena nyuma yake. Anajifunza kanuni tatu za kujilinda na mionzi: usikae nayo muda mrefu, simama mbali, weka kizuizi katikati. Anamwelekeza mgonjwa aliyemeza aidini akae mbali na watoto na wenye mimba kwa siku alizopangiwa. Kifuani ana kibeti cha kupima mionzi iliyompata. Ndugu zetu wa sinyali watafahamu: kanuni ni chache, lakini kuzishika kila siku bila kuchoka ndiyo kazi.

Sisi tuliyaona haya katika reli. Zamani za injini za mvuke mtu alianza kwa kusafisha injini, kisha akatunza moto, na baada ya miaka akakabidhiwa usukani. Mwaka 2017 treni mpya ilipoanza, injini zilitoka China na madereva wakatoka huko pia. Vijana wetu wengine walipelekwa China kusoma, wengine walikaa kando ya wageni wale mpaka wakaweza. Injini ilishuka melini kwa siku moja. Dereva hakushuka melini.

Hospitali nazo zimelipata somo hilo. Mwaka 2015 serikali ilikodi mashine za hospitali kwa ajili ya kaunti zote 47. Mwaka 2020 kamati ya Seneti iliona kwamba mashine nyingine zilikaa bure, mahali pengine kwa kukosa umeme au maji, na mahali pengine kwa kukosa watu wa kuzitumia. Mwenzetu mmoja, mtu wa Siyu, alimchukua mamaye kwa mashua, basi na treni mpaka hospitali moja ya bara. Picha ilipigwa siku ile ile. Jibu lilingoja majuma matatu, kwa sababu bingwa wa kuisoma alikuwa mmoja, naye hakuwapo. Mama alilala kwa watu majuma matatu akila chakula cha kuhesabiwa. Mashine ilikuwa nzima kabisa.

Basi tufike kwenye mshahara. Yule msafisha injini wa zamani alikuwa akijifunza, na huku alilipwa. Lakini leo wako madaktari wanaosomea ubingwa kwa kujilipia, wanatoa karo na wanalinda wadi usiku bila mshahara, na chama chao kimelia juu ya jambo hili. Hata wa intani wamevutana na serikali: mapatano ya 2017 yalisema zaidi ya shilingi 206,000 kwa mwezi, serikali ikataka kutoa 70,000, na mwaka 2024 ukawapo mgomo wa siku 56. Kabla ya hapo, tangu Desemba 2016 mpaka Machi 2017, madaktari waligoma siku 100, na viongozi wao saba wakatiwa jela.

Jana barazani mzee mmoja alituuliza: "Madaktari wakigoma, afaye ni nani?" Ni maskini, mzee wetu, nasi hatuwezi kulificha hilo. Mgomo wa madaktari si kitu cha kushangilia. Lakini twamjibu kwa swali: kama kusomea ubingwa ni kufanya kazi miaka minne bila mshahara, ni mtoto wa nani atakayeweza? Mtoto wa mvuvi wa Faza hataweza. Ataweza mwenye baba tajiri, na huyo akihitimu hatauliza njia ya Mokowe.

Kwa hiyo twaleta mambo matatu, tuyapigie kura leo.

Kwanza, chama chetu kitamke wazi kwamba daktari mwanagenzi ni mfanya kazi, na anastahili mshahara na mapatano yaliyotiwa sahihi yatimizwe.

Pili, tuwaandikie wakubwa wa kaunti. Vijana wa Lamu walipewa nafasi za kusomea kazi za bandari. Na zitengwe nafasi za udaktari bingwa, kwa mkataba wa kurudi kuwatumikia watu wa hapa. Hata kama mtambo uko Nairobi, bingwa wetu atajua nani apelekwe, lini, na jibu lasemaje.

Tatu, sisi wenyewe tuchange vitabu vya fizikia na hesabu kwa shule za visiwani. Kazi hii haianzi Pretoria. Yaanzia kwa mtoto aliye darasani sasa.

Haya ndiyo tuliyotumwa kuyasema. Mwenye neno na asimame.