Si Kila Homa ni Malaria
(Mazungumzo na wanakisomo wa vijiji vya Ufipa)

Leo hatukuja kufundisha herufi. Herufi mnazo tayari. Leo tuzungumze juu ya homa.

Mtu akipata homa hapa kwetu, tunasema nini? Tunasema, "Huyo ana malaria." Jirani anasema hivyo. Muuza dawa naye anasema hivyo. Mgonjwa ananunuliwa vidonge, anameza, analala. Pengine anapona. Pengine hali inazidi, na hapo ndipo tunahangaika kutafuta usafiri wa kumpeleka hospitali. Je, tulikuwa na hakika gani kwamba ni malaria?

Wataalamu walilichunguza jambo hili katika hospitali 10 za kaskazini mashariki ya nchi yetu. Matokeo yalitangazwa mwaka 2004. Walifuatilia wagonjwa 4,474, watoto na watu wazima, waliolazwa na kutibiwa malaria kali. Damu ya wagonjwa hao ilipimwa kwa uangalifu kwa hadubini. Waliokutwa na vijidudu vya malaria walikuwa 2,062 tu. Wengine 2,412 hawakuonekana kuwa na vijidudu. Yaani zaidi ya nusu walitibiwa ugonjwa ambao haukuonekana katika damu yao.

Wangapi walikufa? Waliokuwa na vijidudu walikufa 142. Wasiokuwa navyo walikufa 292. Tupige hesabu pamoja, kama tunavyofanya darasani. Katika kila watu 100 wenye vijidudu, walikufa kama 7. Katika kila watu 100 wasio navyo, walikufa kama 12. Hebu tulifikirie hilo.

Sababu yake si ngumu kuielewa. Homa kali huweza kutokana na nimonia, na homa ya uti wa mgongo, au na bakteria walioingia katika damu. Dawa ya malaria haiui bakteria hao. Mgonjwa anameza dawa, sisi tunangoja nafuu, kumbe ugonjwa wenyewe unaendelea.

Wataalamu wale waliona jambo jingine. Kadiri wagonjwa walivyotoka sehemu za juu zaidi, ndivyo vijidudu vilivyopungua kuonekana. Jambo hilo linatuhusu sana sisi. Mji wa Sumbawanga upo karibu meta 1,800 juu ya usawa wa bahari. Kwenye baridi vijidudu hukua polepole ndani ya mbu, na mbu wengi hufa kabla vijidudu havijakomaa. Lakini kule chini, Muze na Mtowisa katika bonde la Rukwa, au Kasanga na Kirando kwenye Ziwa Tanganyika, kuna joto na mbu wana nguvu.

Na sisi tunateremka huko. Tunafuata mpunga, tunafuata samaki. Mtu wa juu hajazoea malaria, kwa hiyo ikimpata humpiga vibaya. Tena haitokei siku ile ile aliyoumwa na mbu. Huchukua wiki moja au zaidi, na wakati huo amekwisha kurudi nyumbani.

Sasa basi, tufanye nini?

Kwanza, homa ikianza, twende zahanati siku hiyo hiyo, tukapimwe. Tangu mwaka 2010 Shirika la Afya Duniani linashauri kwamba kila anayedhaniwa kuwa na malaria apimwe kabla ya kupewa dawa. Kipimo cha haraka hutumia tone la damu ya kidoleni, na majibu hutoka kwa dakika chache.

Pili, tutumie kalamu zetu. Andika kwenye karatasi: homa ilianza siku gani, mgonjwa alisafiri wapi, amemeza dawa gani. Mpe mganga karatasi hiyo.

Tatu, majibu yakionyesha malaria, tumalize dozi yote. Dawa mseto humezwa kwa siku tatu, hata kama nafuu imekuja siku ya kwanza.

Nne, majibu yakionyesha hakuna malaria, tusikasirike wala tusikimbilie dukani kununua dawa ile ile. Tuulize kwa heshima: "Mganga, kama si malaria, ni nini?" Kuuliza si ujinga.

Mtoto akihema haraka, akishindwa kunyonya, akitapika kila kitu, akikakamaa shingo au akipata degedege, tusingoje kupambazuke. Aende hospitali mara moja.

Mwaka 1973 wazee wetu walikaa vikundini kusikiliza redio katika kampeni ya Mtu ni Afya, kisha wakachimba vyoo. Nasi tukae vikundini tujadili haya:

1. Mara ya mwisho nyumbani kwako kulipokuwa na homa, mgonjwa alipimwa?
2. Nani kijijini petu ana usafiri wa kumpeleka mgonjwa usiku, na tutamlipaje?
3. Wanaoteremka bondeni wanachukua vyandarua?