Bata Si Jalala: Nyumba na Chakula cha Bata wa Nyumbani

Hotuba ya Mkaguzi wa Vyama vya Ushirika kwa makatibu na wanachama wa vyama vya msingi, Songea



Mmezoea kunisikia nikizungumzia leja, stakabadhi na mizani. Leo nimeombwa kuzungumza juu ya bata, nami nimekubali kwa furaha, maana jambo hili haliko mbali na kazi yetu kama linavyoonekana. Tangu wakulima wa tumbaku wa Songea walipojiunga katika ushirika miaka ya 1930, fedha ya mkulima wa hapa imekuwa ikija kwa msimu. Tunauza mazao, kisha tunangoja. Lakini sare na madaftari ya watoto havingoji. Januari hufika mvua zikiwa zimekolea na ghala linapungua. Kaya yenye bata kumi nyuma ya nyumba huwa na kitu cha kuuza mwezi huo, bila kugusa mbegu, na bila kumuuzia mlanguzi mahindi yangali shambani.

Hata hivyo, katika safari zangu za ukaguzi naona bata wachache waliostawi na wengi waliodhoofika. Sababu kubwa ni imani tuliyorithi kwamba bata hupenda uchafu. Humwagiwa maji machafu, hulazwa kwenye tope, na chakula kilichoharibika hutupwa mbele yake. Ndugu zangu, bata si jalala. Ni mfugo mvumilivu, na uvumilivu wake ndio unaotudanganya.

Bata wetu ni yupi

Bata anayefugwa zaidi vijijini mwetu ni yule mwenye nyama nyekundu usoni, asiyepiga kelele, ambaye dume lake hutoa sauti ya kufoka tu. Asili yake ni Amerika ya Kati na ya Kusini, ambako wenyeji walimfuga kabla ya Wazungu kufika. Dume lililokomaa huweza kufika kilo 4 hadi 5, na jike huwa karibu nusu ya hapo. Jike hulalia mayai kwa siku 35, si 21 kama kuku. Mfugaji asiyejua hesabu hii huyatupa mayai mazima akidhani ni viza. Dume 1 latosha kwa majike 4 au 5.

Nyumba

Bata huyapenda maji, lakini halali majini. Hili ndilo neno la kwanza katika ujenzi wa banda. Manyoya yake humkinga na mvua, bali matandiko yaliyolowa humletea vidonda vya miguu na ugonjwa wa kifua, hasa katika baridi yetu ya Juni na Julai.

Chagua mahali palipoinuka, maji ya mvua yasipotuama. Kwa bata 10 waliokomaa, banda la meta 2 kwa 2 latosha. Inua sakafu kwa udongo ulioshindiliwa au matofali, ipite usawa wa ua. Ukuta uwe wa matofali au mianzi iliyokazwa, na sehemu ya juu iwe na uwazi wenye wavu ili hewa ipite. Uwazi huo usielekee upande unakotoka upepo wa baridi. Paa liwe la nyasi au bati, mradi halivuji. Mlango uwe mpana, kwa kuwa bata hutoka wote kwa pamoja na hukanyagana.

Tandika maranda, maganda ya mpunga au nyasi kavu kwa unene wa kiganja. Ongeza makavu juu yake mara kwa mara, na yaliyolowa uyaondoe. Yaliyoondolewa ni mbolea. Yarundike mpaka yaoze vizuri ndipo uyapeleke bustanini. Viota viwe chini, kwenye kona yenye giza, kila kimoja sentimeta 40 kwa 40, na kiota kimoja kwa majike watatu au wanne. Wafungie usiku kwa ajili ya kicheche, nguchiro na mwizi. Asubuhi wafungulie kiasi cha saa 3, utaokota mayai bandani badala ya kuyatafuta vichakani. Mayai ya bata hubeba uchafu kwa urahisi, kwa hiyo yapikwe mpaka yaive kabisa.

Bata na kuku wasilale banda moja. Bata hulowesha matandiko, na kuku huugua. Tena bata huweza kubeba virusi vya kideri bila kuonyesha dalili, kisha kuku wakateketea. Mwenye aina zote mbili asiache kuchanja kuku wake.

Maji

Ziwa si lazima. Kinacholazimu ni chombo chenye kina cha kumwezesha bata kuzamisha mdomo pamoja na tundu za pua, ili aoshe pua na macho. Kiweke nje ya banda, juu ya kokoto, na ubadilishe maji kila siku. Usimpe chakula kikavu bila maji kando yake, kwa maana humkaba. Kwa vifaranga tumia sahani yenye mawe madogo ndani wasizame. Kifaranga aliyeanguliwa na kuku hapati mafuta ya kukinga manyoya kutoka kwa mama yake. Asiachwe aogelee katika wiki za kwanza, atalowa na kufa kwa baridi.

Kidimbwi kilichooza, chenye mizoga na funza, kizibwe. Hapo hutokea sumu inayolegeza shingo ya bata mpaka asiweze kuinua kichwa.

Chakula

Bata hujitafutia majani, wadudu na konokono, nasi tumshukuru kwa kazi hiyo. Lakini apewe nyongeza asubuhi na jioni. Mkubwa anayefungiwa siku nzima huhitaji kiasi cha gramu 150 hadi 200 kwa siku.

Kwa kilo 10 za chakula cha vifaranga, changanya chenga za mahindi kilo 5, pumba laini kilo 1, soya iliyokaangwa na kusagwa kilo 1.5, mashudu ya alizeti kilo 1, dagaa waliosagwa kilo 1.25, na chokaa ya mifugo pamoja na chumvi kidogo sana, jumla robo kilo. Soya isitumike mbichi. Ubichi wake huzuia mwili kuitumia protini. Kwa wakubwa punguza gharama: mahindi kilo 4, pumba kilo 3.5, mashudu kilo 1.25, soya nusu kilo, dagaa nusu kilo, na chokaa robo kilo. Majani ya matembele, mchicha au kabichi yatolewe kila siku.

Kifaranga wa bata huhitaji vitamini iitwayo niasini kupita wa kuku. Akilishwa mahindi matupu, miguu hupinda na hawezi kutembea. Dagaa husaidia, na machicha ya pombe pia, yakiwa mabichi ya siku hiyo au yaliyochujwa na kuanikwa, kwa kiasi kidogo tu. Machicha yaliyochacha yasitumike.

Mahindi yenye ukungu

Hapa naomba makatibu wanisikilize zaidi. Mzigo wa mahindi unapokataliwa ghalani kwa sababu ya ukungu, mara nyingi husikika mtu akisema, «Basi tutawapa bata.» Hilo ni kosa kubwa. Mwaka 1960 nchini Uingereza batamzinga zaidi ya 100,000 walikufa kwa kula mashudu ya karanga yaliyoota ukungu, na bata nao walikufa. Hapo ndipo sumu tunayoiita sumukuvu ilipoanza kufahamika. Kifaranga wa bata hudhurika nayo upesi mno, hata wataalamu wakamtumia kuipima.

Ini linalodhurika si la bata peke yake. Mwaka 2016, katika mikoa ya Dodoma na Manyara, watu 68 waliripotiwa kuugua kwa sumukuvu, na 20 kati yao walifariki. Kupika hakuiondoi sumu hii. Mahindi yasiyofaa kwa bata hayafai kwa mtoto, na yasiyofaa kwa mtoto hayafai kwa bata. Dawa yake huanza shambani: vuna kwa wakati, anika juu ya turubai wala si juu ya udongo, na usiweke ghalani mpaka unyevu ushuke usizidi asilimia 13.5. Chama chenye kipima unyevu kisiache kikae kabatini.

Kazi ya chama

Mwanachama mmoja hawezi kununua gunia la mashudu na debe la dagaa kwa ajili ya bata watano. Wanachama kumi wanaweza, wakagawana kwa mizani. Vilevile dume lisikae kaya moja miaka mingi likawapanda binti zake. Wanachama wabadilishane madume.

Mwisho, kila mfugaji awe na daftari. Aandike tarehe jike lilipoanza kulalia, mayai mangapi, vifaranga wangapi, chakula cha shilingi ngapi, na mauzo ya shilingi ngapi. Mali bila daftari huisha bila habari. Na katika kaya nyingi anayewalisha bata ni mama au mtoto. Basi daftari hilo litaonyesha pia ni nani aliyefanya kazi, ili fedha inapopatikana naye asikike katika matumizi yake.

Makatibu wakirudi vyamani, waanze na hili moja: mahindi yaliyoota ukungu yasitoke ghalani kwenda kwa mtu wala kwa mfugo.