Cheti Kina Tarehe: Omba Wakati Mlango Uko Wazi

(Maneno haya yalitolewa kwa vijana waliokutana Nyakoe, Kisii. Tumeyaandika kama yalivyosemwa, kwa faida ya wale ambao hawakuweza kufika.)



Ndugu zangu na dada zangu, ahsanteni kwa kuja. Najua wengine mmefunga vibanda mapema, wengine mmeacha boda boda zikiwa bado na wateja. Sitawachosha. Leo nataka tuzungumze juu ya kitu kidogo kilichoandikwa kwenye karatasi, na wengi wetu hatukisomi. Kitu chenyewe ni tarehe.

Nianze na mfano wa mbali kidogo. Kuna raia wenye bastola halali katika nchi hii. Sheria ya Silaha, Sura ya 114, inasema huwezi kumiliki bunduki bila cheti, na cheti hicho ni cha mwaka mmoja, kisha ukifanye upya. Mtu anaweza kuwa tajiri na anajulikana kila ofisi, lakini akiacha muda upite, bastola ile ile aliyolala nayo jana ikiwa halali, leo ni kosa la jinai. Na mnakumbuka Desemba 2018, Waziri wa Usalama wa Ndani wakati huo, Fred Matiang'i, mwana wa huku kwetu Nyamira, aliamuru raia wote wenye silaha wachunguzwe upya ndani ya siku 90. Wenye pesa zao walipanga foleni na karatasi mkononi.

Kwa nini nasema haya kwa vijana ambao hawana bastola wala hawaitaki? Kwa sababu kama tajiri mwenye bunduki analazimika kuhesabu siku za cheti chake, sisi tunaotafuta kazi tunapaswa kuhesabu mara mbili. Cheti chetu sisi ni kile cha polisi cha tabia njema, ambacho sote tunakiita Good Conduct.

Wacha niwasimulie yaliyonipata. Nilipomaliza diploma yangu, nilifanya walichofanya wenzangu wote. Nilikwenda saiba, nikajaza fomu, nikalipa, nikawekwa wino vidoleni. Cheti kilipotoka nilifurahi kama nimepata kazi yenyewe. Nikakiweka ndani ya faili, faili chini ya godoro. Sikuwa na mwajiri yeyote aliyekiomba. Nilisema tu, "Niwe tayari."

Miezi ikapita. Nikapigiwa simu mwezi wa kumi na nne. Yule bwana akaniambia, "Njoo Jumatatu na karatasi zako zote." Ilikuwa Jumatano. Nikafungua faili, nikatoa cheti, nikasoma tarehe kwa mara ya kwanza tangu nikipate. Kilikuwa kimepitwa. Nikaomba nipewe wiki mbili. Akaniambia kwa upole, "Kuna mwingine ambaye karatasi zake ziko sawa." Na hakunidhulumu. Niliyekosea hesabu ni mimi.

Wahenga walituachia methali mbili zinazogombana. Moja inasema haraka haraka haina baraka. Nyingine inasema ngoja ngoja huumiza matumbo. Katika jambo hili zote mbili ni kweli. Ukiomba mapema sana, cheti kinazeeka kabla ya kazi. Ukichelewa, kazi inaondoka kabla ya cheti. Kwa hivyo swali letu leo ni: wakati wenyewe ni upi?

Kwanza, elewa saa inaanza kuhesabu lini. Muda wa cheti unahesabiwa tangu siku kilipotolewa. Siku ya kupata kazi haihusiki, wala siku uliyokipeleka kwa mwajiri. Kwa kawaida cheti hiki huhesabiwa mwaka mmoja, na wako waajiri na balozi wanaotaka kilicho kipya zaidi ya hapo. Kwa hivyo kila mwezi unaokaa chini ya godoro unakula cheti chako. Na kikipita, huongezewi muda. Unaomba upya na unalipa upya.

Pili, jueni sheria iko upande wenu. Mwaka 2022 Bunge lilipitisha marekebisho ya Sheria ya Ajira. Marekebisho hayo yanamzuia mwajiri kukudai vyeti vya kuthibitisha uadilifu, vile tunavyoviita vya Sura ya Sita, kabla hajaamua kukupa mkataba wa kazi. Yaani zile siku za kubeba bahasha nzito, cheti cha polisi, cha KRA, cha HELB, cha EACC na cha CRB, ili tu uitwe kwenye mahojiano, sheria imezikataa. Mwajiri akupe nafasi kwanza, ndipo ukatafute vyeti. Ukishindwa kuvileta, hapo ana haki ya kuiondoa nafasi yake.

Najua mtaniambia, "Lakini bado wanadai." Ni kweli, wengine bado wanadai. Basi tujifunze kuuliza kwa adabu: "Je, hiki ni sharti la kuomba kazi, au la kusaini mkataba?" Swali hilo moja linaweza kukuokolea shilingi 1,050, maana ndizo unazolipa kwenye eCitizen, elfu moja ya cheti na hamsini ya mtandao. Kwa kijana wa Nyakoe, hiyo ni pesa ya chakula cha nyumbani. Usiitoe kwa ajili ya tangazo uliloliona WhatsApp bila jina la kampuni.

Tatu, panga karatasi zako kwa umri wake. Zile zisizozeeka zitafute leo: cheti cha kuzaliwa na vyeti vya shule. Kitambulisho usisubiri, kwa sababu bila hicho hakuna kingine kinachosonga. Kisha pasipoti kama una nia ya kusafiri. Hiyo inakaa miaka 10, lakini kumbukeni nchi nyingi hazikupokei ikiwa imebakisha chini ya miezi sita. Mwisho kabisa ndiyo zile zinazozeeka haraka: cheti cha tabia njema, na kwa wanaokwenda Ghuba, vipimo vya afya, ambavyo muda wake ni mfupi hata kuliko cheti. Wengi wetu tunafanya kinyume. Tunakimbilia Good Conduct kabla hata ya pasipoti, kisha pasipoti inachelewa, na ikitoka cheti nacho kimekufa.

Kina dada wanaokwenda Saudia, hapa nawasemesha nyinyi hasa. Wakala akikuambia lipia cheti na vipimo wiki hii, muulize kwanza mkataba uko wapi na mwajiri ni nani. Angalia kama wakala mwenyewe amesajiliwa na Mamlaka ya Taifa ya Ajira. Kuna dada zetu wamelipia vyeti mara mbili wakiwa bado hawajaona hata jina la nyumba wanakopelekwa.

Nne, hesabu kurudi nyuma. Chukua siku ya kuripoti kazini. Tuseme ni tarehe 1 Septemba, na barua ya kupewa kazi umeipata tarehe 1 Agosti. Siku hiyo hiyo ingia eCitizen. Ndani ya wiki hiyo nenda ukawekwe alama za vidole. Si lazima ufike Nairobi, Huduma Centre ya Kisii mjini iko karibu. Fomu ile ya C24 iprintiwe mbele na nyuma kwenye karatasi moja. Wengi wamerudishwa nyumbani kwa sababu hiyo tu, na nauli imeshakwenda. Kisha jiachie angalau wiki mbili za cheti kutoka, na wiki nyingine ya dharura.

Dharura gani? Sisi ni watu wa kazi za mikono. Kuna vijana hapa wanachuma chai Nyamira, kuna wanaochonga mawe Tabaka. Vidole vyetu vimechakaa. Alama zisiposomeka vizuri utaitwa urudie. Ukijipangia siku tatu, kurudia huko kunakunyima kazi. Ukijipangia wiki tatu au nne, ni usumbufu tu.

Tano, majina. Hili linatuhusu sisi Waislamu kuliko wengine. Kitambulisho kinasema Mohamed, cheti cha shule kinasema Muhammad. Huku Abdalla, kule Abdallah. Afisa hajui kwamba ni mtu mmoja. Na kuna ndugu zetu wa hapa Gusii waliosilimu. Alizaliwa na jina lingine, leo msikitini tunamwita Yusuf. Ndugu yangu, kama hujabadilisha jina lako kisheria, omba cheti kwa jina lililo kwenye kitambulisho. Hakuna aibu, na Uislamu wako haupungui. Kama unataka jina jipya lisomeke rasmi, anza na kiapo cha kubadilisha jina, kisha kitambulisho, kisha ndiyo vingine. Usibadilishe katikati ya maombi, utakuwa na karatasi za watu wawili.

Sasa nifike penye uzito. Kuna kuchelewa kwa sababu ya uzembe wetu, na kuna kucheleweshwa. Ni vitu viwili tofauti.

Jamaa zetu Wanubi, wakiwemo wa Kisii mjini, wanaijua habari hii. Kwa miaka mingi kijana wa Kinubi alifika miaka 18 akaambiwa akafanyiwe uchunguzi wa ziada kabla ya kupata kitambulisho, wakati jirani yake wa darasa moja alikwishapata. Mwaka 2011, Kamati ya Wataalamu ya Afrika kuhusu Haki na Ustawi wa Mtoto iliamua kwamba Kenya ilikiuka haki za watoto wa Kinubi. Na Februari 2025, huko Wajir, Rais Ruto alitia sahihi tangazo la kuondoa uchunguzi wa ziada kwa wanaoomba vitambulisho katika kaunti za mpakani. Tangazo ni jambo zuri, lakini kazi ya kuhakikisha linatekelezwa dirishani ni yetu. Maana kijana aliyepoteza miaka miwili akingojea kitambulisho ameipoteza kabla hata hajaanza kuhesabu muda wa Good Conduct.

Kuna na wale waliokamatwa. Mwezi wa Aprili 2014, katika operesheni ya Usalama Watch, maelfu ya watu walikamatwa Eastleigh na wengi wakapelekwa uwanja wa Kasarani, wengi wao Wasomali. Wengi hawakushtakiwa kosa lolote. Mpaka leo nakutana na vijana, hata wa huku kwetu, waliowahi kubebwa kwenye msako na kuachiliwa, wanaogopa kuomba cheti. Wanasema, "Jina langu liko kwao." Woga huo unawafungia milango ambayo hakuna hakimu aliyeifunga.

Ndugu yangu, kukamatwa si kuhukumiwa. Kama uliachiliwa, tafuta namba ya OB. Kama ulipelekwa mahakamani ukaachiliwa, tafuta nakala ya uamuzi iliyopigwa muhuri na mahakama. Weka hizo ndani ya faili, hizo hazizeeki. Na wewe mwenye historia kama hiyo, usingoje barua ya kazi kama wengine. Omba mapema zaidi, ili kama kuna kosa kwenye rekodi, lisahihishwe kabla kazi haijaja. Kwako wewe, ile 1,050 ni gharama ya kujua umesimama wapi.

Na ukicheleweshwa bila sababu, usirudi nyumbani kimya. Kifungu cha 47 cha Katiba kinakupa haki ya kuhudumiwa na ofisi ya serikali kwa haraka, kwa haki na kwa mujibu wa sheria, na kupewa sababu kwa maandishi pale haki yako inapoathiriwa. Andika barua. Weka nakala. Andika jina la ofisi, tarehe uliyokwenda na ulichoambiwa. Kisha peleka malalamiko kwa Tume ya Haki ya Utawala, ile tunayoiita Ombudsman. Kwa upande huu wana ofisi Kisumu. Sisi tutakusaidia kuandika, lakini hatuwezi kuandika tarehe ambazo hukuziweka.

Namalizia. Leo ukifika nyumbani fanya jambo moja tu. Toa karatasi zako zote, zipange kitandani. Chukua kalamu na daftari, andika kila karatasi na tarehe yake ya kufa. Isiyokuwa na tarehe, andika "haizeeki." Inayokufa karibuni, iwekee alama. Kisha mwonyeshe mdogo wako naye afanye vivyo hivyo.

Mimi nilipoteza kazi kwa kutosoma tarehe moja. Sitaki kusikia kijana mwingine wa Nyakoe amepoteza yake vivyo hivyo. Cheti kiombwe wakati mlango uko wazi, na mlango usipofunguliwa, tuubishe pamoja.

 

(Mpelekee ujumbe huu kijana mmoja anayetafuta kazi. Kama umecheleweshewa kitambulisho au cheti, tuandikie kwenye inbox ukiwa na tarehe zako tayari.)