Haiwezekani ya Aina Gani? Mfasiri wa Sheria na Maneno ya Kiingereza ya Kushindikana



Tangu marekebisho ya mwaka 2021 yakifanye Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya mahakama nchini Tanzania, wafasiri hatujakosa kazi. Katika rasimu nyingi ninazopitia, neno "haiwezekani" linabebeshwa mzigo wa maneno manne au matano ya Kiingereza: impossible, impracticable, impractical, infeasible. Dai langu ni kwamba kila moja la maneno hayo linataja kizuizi chake, na mfasiri asipouliza kinachozuia ni nini, atamwachia hakimu sheria nyingine.

Impossible ndilo jepesi kuliko yote. Ukumbi ulioungua hauwezi kukodishwa usiku wa leo, basi. Ugumu unaanzia kwenye impracticable, ambalo husema kwamba jambo lenyewe lingefanyika, lakini kwa gharama isiyo na kiasi. Kesi maarufu ni ya California, iliyoamuliwa mwaka 1916. Wajenzi wa daraja huko Pasadena walikubali kuchukua kokoto yote waliyohitaji kwenye ardhi ya kampuni moja. Wakachota iliyokuwa juu ya maji, wakaacha ya chini, kwa sababu kuitoa kungegharimu mara 10 hadi 12 ya kawaida. Kokoto ilikuwepo, na mashine za kuitoa zilikuwepo. Hata hivyo mahakama iliwaachilia, ikaona kwamba kwa jicho la sheria kokoto ile ilikuwa kama haipo.

Linganisheni na karanga za Sudan. Oktoba 1956 wauzaji walifunga mkataba wa kupeleka karanga Hamburg, bei ikijumuisha nauli na bima. Mwezi uliofuata Mfereji wa Suez ukafungwa. Njia iliyobaki kutoka Port Sudan ilikuwa kuizunguka Afrika nzima kupitia Rasi ya Tumaini Jema, kwa nauli iliyokaribia mara mbili. Wauzaji hawakupeleka. Shauri lilifika mahakama ya juu kabisa ya Uingereza, nao wakashindwa: njia ni ndefu, nauli ni kubwa, lakini karanga zinafika. Ukiandika "haiwezekani" katika hukumu zote mbili, msomaji ataona majaji wanapingana bure. Nchi ni mbili na kanuni zao hazilingani, lakini katika kila shauri swali lilikuwa la kiasi: gharama ikipanda hadi wapi ndipo mtu aachiliwe?

Impractical sitalikalia sana. Huo ni mpango usiofaa kwa matumizi, au mtu mwenye mawazo mazuri asiyejua hata kupigilia msumari. Kwenye sheria halina makali, na waandishi wa Kiingereza wenyewe hulichanganya na impracticable kila siku.

Linalonikosesha usingizi ni reasonably practicable, kiini cha Sheria ya Afya na Usalama Kazini ya Uingereza ya mwaka 1974. Maana yake ilikuwa imewekwa mwaka 1949, katika shauri la mchimbaji wa makaa ya mawe aliyeuawa na ukuta wa njia ya chini ya ardhi ulioporomoka. Jaji Asquith alieleza kwamba kifungu hicho ni chembamba kuliko kile kinachowezekana kimaumbile: hatari inawekwa upande mmoja, na fedha, muda na usumbufu wa kuizuia upande wa pili. Mwajiri anasalimika akithibitisha kwamba gharama inaizidi hatari kwa mbali sana, na mzigo wa kuthibitisha ni wake. Sasa, tafsiri iliyozoeleka ni "kadiri inavyowezekana". Masikioni mwa Mswahili, hiyo ni lugha ya mwenyeji anayeahidi kujitahidi. Mizani imetoweka, na mzigo wa ushahidi nao umetoweka.

Infeasible lina mtego wa aina nyingine. Kwa wanahisabati wa mipango, tatizo la namna hiyo halina jibu lolote linalotimiza masharti yote. Kwa wataalamu wa usimbaji, jibu lipo kabisa: ufunguo wa biti 128 ungepatikana kwa kujaribu mmoja mmoja, ila kompyuta inayojaribu funguo bilioni moja kwa sekunde ingemaliza baada ya miaka mingi kuliko umri wa ulimwengu. Humo mfasiri aandike "halina jibu" kwa wa kwanza na "haifikiki kwa hesabu" kwa wa pili, wala asitafute neno moja la kuwaridhisha wote.

Kiswahili hakijapungukiwa. Mnyambuliko wa kutendeka unatupa njia isiyopitika, deni lisilolipika, amri isiyotekelezeka, na kila kitenzi kinakuja na kizuizi chake. Tahadhari ni moja: "halifanyiki" laweza kuwa jambo lililoshindikana, au jambo ambalo watu wenye adabu hawalifanyi, na mawakili watalivuta kila mmoja upande wake.

Kwa impracticable napendekeza "isiyotekelezeka kwa gharama ya kiasi". Kwa reasonably practicable, "kwa kiwango kinachotekelezeka, hatari ikipimwa dhidi ya gharama", pamoja na kifungu cha tafsiri kinachotamka wazi kwamba anayepaswa kuthibitisha ni mwajiri. Ni refu, najua, na waandishi wa sheria watanung'unika. Nawaomba mlijaribu kwenye kifungu kimoja cha kanuni za migodi katika kikao cha mchana, tuone linavunjikia wapi.