Kamera ya Kukodi na Bima Yake



Kamera inayotupiga picha leo si mali yetu, tumeikodi. Mwaka juzi tulikodi nyingine, ikaibwa garini dereva alipokwenda kunywa chai. Tulitumaini bima italipa, kumbe mkataba ulisema wazi kwamba chombo kilichoachwa garini pasipo mlinzi hakilipwi. Tukalipa bei ya kamera mpya, na kodi ya siku zote ambazo mwenyewe aliikosa, kwa fedha za pamba. Nanyi mliuliza, kwa haki, zilikokwenda.

Safari hii niliusoma mkataba kabla ya kutia sahihi. Bima ni ya thamani ya kununua upya, na nambari ya kila lenzi imeandikwa. Usiku sanduku hufungiwa ofisini, mbali na vumbi la ghala, na karani hulala papo hapo. Amelalamikia mbu, chandarua kimenunuliwa.