MAKENGEZA YA MTOTO HAYANGOJI
Mazungumzo na wazazi wa Kibera na Kawangware

Leo tuzungumze juu ya makengeza.

Mnamjua mtoto wa namna hii: jicho moja linakutazama wewe, la pili linatazama puani au upande wa sikio. Tukipita manyumbani, neno tunalosikia sana ni hili: "Wacha, atapona akikua." Neno hilo lina ukweli kidogo na hatari kubwa. Ni kweli macho ya mtoto mchanga huweza kucheza-cheza hadi miezi 3 au 4. Lakini jicho likiendelea kupinda baada ya hapo, au likianza kupinda akiwa na miaka 2 au 3, msingoje.

Kwa nini? Kila jicho lina misuli 6 ya kuligeuza, na ubongo ndio unaoyaongoza macho yote mawili yatazame mahali pamoja. Yakitazama pande mbili, ubongo unaletewa picha mbili. Basi ubongo wa mtoto hushika picha ya jicho lililonyooka na kuiacha ile nyingine. Jicho lisilotumika linakuwa vivu na kupoteza nguvu ya kuona, hata kama kwa nje ni zima. Naye mtoto halalamiki, maana la pili linaona. Akishapita miaka 7 au 8, kulirudisha ni kazi ngumu sana. Kwa hiyo makengeza si shauri la sura tu.

Tena si laana, wala si kosa la mama. Mara nyingi hutembea katika ukoo, au mtoto anahitaji miwani.

Matibabu makubwa ni matatu. Kwanza miwani, kuna watoto ambao macho hunyooka kwa miwani peke yake. Pili, kuziba jicho zuri kwa kiraka kwa saa ambazo daktari ataagiza, ili lile vivu lilazimike kufanya kazi. Hapa ndipo wengi hushindwa, kwa sababu mtoto hulia na kukibandua. Ukienda kibarua, yule anayebaki naye, awe nyanya, jirani au mwalimu wa nasari, lazima aelezwe. Tatu ni upasuaji. Msiogope, jicho halitolewi. Daktari hulegeza msuli au huukaza.

Jambo moja lisingoje hata wiki: mboni inayoonekana nyeupe, pengine kwenye picha ya simu. Yaweza kuwa saratani ya jicho, na makengeza pia huweza kuwa dalili yake.

Waende wapi? Walio Kibera wako karibu na Hospitali ya Kenyatta. Walio Kawangware wanaweza kupanda matatu Kangemi hadi Kikuyu, ambako hospitali ya PCEA ina kitengo cha macho. Hata siku ya chanjo ya surua, miezi 9, mwambie nesi atazame macho.

Leo jioni jaribuni hivi. Mtoto akiwa ametulia, mzibe jicho moja kwa kiganja, kisha la pili. Akikubali kuzibwa moja lakini akalia na kusukuma mkono ukiziba lingine, huenda umeziba lile analolitegemea. Kesho mpeleke.